Nani Alishika Upawa? Chakula cha Mchana cha Mfanyakazi wa Kisovieti

Wiki hii semina ya historia ilikuwa juu ya Umoja wa Kisovieti, na kama kawaida darasa likagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza: kule kila mtu alikula, hakuna tajiri wala maskini. Fungu la pili: kule watu walipanga foleni ya mkate toka asubuhi hadi jioni, basi. Kila fungu na desa lake mkononi, na makelele si mchezo. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Tusiulize tu walikula au hawakula, tuulize nani alikuwa ameshika upawa. Ukilijibu hilo, mambo mengi ya nchi ile yanajieleza yenyewe. Kwa hiyo leo makombora na vita baridi tuviweke pembeni, tuingie kantini ya kiwandani. Chukua trei, simama kwenye mstari, twende.

Tuanze na ndoto, maana kulikuwa na ndoto kweli. Mapinduzi ya Oktoba 1917 yalikuta nchi tayari ina njaa ya vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1918, reli zikayumba, wakulima wakaficha nafaka, na mji wa Petrograd uliokuwa na zaidi ya watu milioni 2 mwaka 1917 ukabaki na kama laki 7 tu ilipofika 1920. Wengi walikimbilia vijijini kufuata chakula. Mwaka 1918 serikali mpya ikaleta mgawo wa kitabaka: wafanyakazi wa sulubu fungu la kwanza, watu wa ofisini chini yao, na mabwanyenye wa zamani fungu la mwisho kabisa. Kantini za umma zikafunguliwa mjini, supu ya maji maji, mara nyingi kabichi au samaki mkavu. Watu walikula kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu.

Lakini viongozi waliona zaidi ya supu. Mwaka 1919 Lenin aliandika kwamba kantini za umma, vituo vya kulelea watoto na shule za chekechea ni machipukizi ya ukomunisti wenyewe, kwa sababu ndivyo vitakavyomtoa mwanamke kwenye kazi za nyumbani zinazomdumaza. Alexandra Kollontai, mwanamke aliyekuwa kwenye serikali ya kwanza ya Wabolsheviki, akaenda mbele zaidi: kutenganisha jiko na ndoa ni jambo kubwa katika historia ya wanawake. Hebu fikiria hilo linasemwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka. Wanawake mia wanawasha majiko mia, wanapika sufuria mia ndogo, wanaosha vyombo mara mia. Kwa nini lisiwashwe jiko moja kubwa lenye mashine, na wale mia waende kiwandani, darasani, kwenye mikutano?

Ndoto hiyo ikajengewa majengo. Mwaka 1925 katika mji wa viwanda vya nguo wa Ivanovo-Voznesensk likafunguliwa jengo la kwanza la aina yake, wao wakaliita kiwanda-jiko. Jina lenyewe linasema kila kitu: chakula kitazalishwa kama kitambaa au skrubu, kwa mashine na kwa zamu. Vingine vikafuata miji mbalimbali. Cha Samara ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kilichorwa na msanifu mwanamke, Yekaterina Maksimova, kikajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha Maslennikov. Ukikitazama kutoka juu kina umbo la nyundo na mundu! Jiko liko kwenye nyundo, mabwalo ya kulia yako kwenye mundu, na mikanda ya mashine ilipeleka chakula kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jengo bado lipo, siku hizi ni tawi la jumba la sanaa la Tretyakov, lilifunguliwa 2024. Mwaka 1931 msanii Grigory Shegal naye akachora bango maarufu: mwanamke mwenye nguo nyekundu anafungua mlango, nje kuna majengo ya kisasa na mwanga, ndani kuna mwenzake ameinama kwenye beseni kati ya masufuria na moshi.

Sasa ukisimama hapo kwenye bango utasema hawa watu walikuwa wameshafika. Kumbe bango hilo lilibandikwa wakati mbaya kuliko yote.

Mwaka 1929 Stalin aliamua kuwaingiza wakulima kwenye mashamba ya pamoja kwa nguvu, huku Mpango wa Miaka Mitano ukijenga viwanda kwa kasi. Mwaka huohuo kadi za mkate zikarudi nchi nzima. Nafaka ikachukuliwa vijijini ili kulisha miji na kuuzwa nje kununulia mitambo. Mwaka 1932 na 1933 njaa ikaua mamilioni ya watu, hasa Ukraine, Kazakhstan na maeneo ya mto Volga. Hapa naomba tusome polepole. Kadi za mgawo walipewa watu wa mijini wenye kazi za serikali pamoja na familia zao. Mkulima aliyelima ile ngano hakuwa na kadi. Yaani mwenye shamba alikufa njaa ili kantini ya kiwanda iwe na uji, na huo uji wenyewe haukuwa wa kushiba.

Na ndani ya miji nako kadi hazikuwa sawa. Mfanyakazi wa kiwanda kikubwa cha chuma alipata zaidi ya mfanyakazi wa kiwanda kidogo cha nguo, wa mezani chini yao, wazee na watoto chini zaidi. Kila kiwanda kikubwa kikawa na duka lake lililofungwa kwa watu wa nje na kantini yake. Kuna kijana wa Kimarekani, John Scott, aliyekwenda mwaka 1932 kufanya kazi ya kuchomelea vyuma Magnitogorsk, mji mpya wa chuma milimani Ural. Baadaye, mwaka 1942, alitoa kitabu kuhusu maisha ya kule, na humo ngazi za chakula zinaonekana wazi: wageni wataalamu na wakubwa wachache walikuwa na duka lao lenye karibu kila kitu, wahandisi na mafundi wakuu wakiwa chini yao, wafanyakazi wa kawaida wakipewa kadi ambazo mara nyingi hata kilichoandikwa juu yake hakikupatikana. Mji mmoja, kiwanda kimoja, bendera moja nyekundu, lakini ukinionyesha sahani yako nitajua cheo chako.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mahali pengi duniani ukitaka kujua mtu atakula nini unaangalia mfuko wake. Kule ulipaswa kuangalia anafanya kazi wapi. Pesa ilikuwepo, lakini pesa bila mahali pa kazi ilikuwa nusu ya pesa. Ukifukuzwa kazi hukupoteza mshahara tu, ulipoteza kadi, duka na kantini kwa mpigo. Mwaka 1932 ikatolewa sheria kwamba hata kutofika kazini siku moja bila sababu kunatosha kukufukuzisha, na kadi na nyumba ya kiwanda vinaondoka navyo. Sahani imegeuka kamba ya kumfungia mfanyakazi pale alipo.

Mgawo wa mkate ulifutwa tarehe 1 Januari 1935 na wa vyakula vingine baadaye mwaka huohuo. Ndipo anapoingia bwana mmoja Mwarmenia, Anastas Mikoyan, aliyekuwa kamishna wa viwanda vya chakula. Mwaka 1936 alikwenda Marekani miezi kadhaa, akazunguka viwanda vya nyama, maziwa, juisi na aiskrimu. Akavutiwa sana na hambaga, akaagiza mashine za kutengenezea. Vita vikaingilia, mkate wa katikati ukasahaulika, nyama ikabaki: zikawa katlesi za kiwandani, na watu waliziita kwa jina lake miaka mingi. Soseji laini iliyoitwa ya daktari ilianza 1936, na mwaka 1939 kikatoka kitabu kikubwa cha mapishi cha serikali chenye picha za meza zilizojaa kila kitu. Wengi waliokinunua hawakuwahi kuviona vitu hivyo pamoja mezani kwao. Lakini msisitizo umebadilika, unaona? Kitabu cha mapishi ni cha jikoni nyumbani, na aliyetegemewa kukifungua ni mama. Ile habari ya kutenganisha jiko na ndoa ikawekwa kabatini kimyakimya.

Vita ilipoingia mwaka 1941 kadi zikarudi tena, hadi Desemba 1947. Leningrad, ambayo ndiyo Petrograd ileile, ilizingirwa na Wajerumani kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi tarehe 27 Januari 1944. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 25 Desemba 1941 mfanyakazi wa kiwandani alipata gramu 250 za mkate kwa siku. Wengine wote, yaani watu wa ofisini, wategemezi na watoto, gramu 125. Na mkate wenyewe ulichanganywa na mashudu ya pamba na hata unga wa mbao. Ukienda kantini kula supu, walikata kuponi kwenye kadi yako hiyohiyo. Tofauti ya gramu 125 kati ya mwenye kazi ya kiwandani na mama anayelea mtoto nyumbani ilikuwa ni tofauti ya nani ataiona wiki ijayo. Zaidi ya watu laki 8 wanakadiriwa kufa mjini humo, wengi kwa njaa. Adui ndiye aliyezingira mji, hilo halina ubishi. Ila orodha ya nani ale ngapi ilifuata mantiki ileile ya 1918.

Sasa turuke hadi kwa Khrushchev, maana hapa ndipo penye utamu na uchungu pamoja. Mambo yalianza kuwa nafuu kweli. Kuanzia 1957 yakajengwa maghorofa mengi ya bei rahisi, familia zikaanza kutoka kwenye nyumba za kushirikiana jiko zikapata jiko lao, dogo la mita 5 au 6 za mraba lakini la kwao. Kwenye kantini nyingi mkate uliwekwa mezani bure. Na mwaka 1961 Chama kikapitisha mpango wake mpya: ifikapo 1980 msingi wa ukomunisti utakuwa umejengwa, na moja ya ahadi ilikuwa kwamba chakula cha mchana kazini kitakuwa bure. Naomba msomaji uikariri hiyo. Ahadi kubwa ya dola iliyotoka tu kumrusha mtu wa kwanza angani ilikuwa na sahani ya mchana ndani yake.

Haujapita hata mwaka. Tarehe 1 Juni 1962 bei zikapanda, nyama takriban asilimia 30 na siagi asilimia 25. Mjini Novocherkassk, kusini mwa Urusi, kiwanda cha vichwa vya treni kilikuwa kimeshapandisha viwango vya kazi, maana yake ni kwamba kwa jasho lilelile mtu anapata pesa kidogo. Wafanyakazi wakamuuliza mkurugenzi watakula nini sasa. Inasimuliwa kwamba aliwajibu wale sambusa za maini. Wale wakubwa wenzangu mnaopenda kujibu watu ovyo, hapo ndipo pa kujifunza. Kiwanda kikasimama, treni ikazuiwa, na siku ya pili maelfu wakaandamana hadi makao ya Chama mjini wakidai nyama, maziwa na nyongeza ya mshahara. Askari wakafyatua risasi. Watu 26 wakauawa, na baadaye wengine 7 wakahukumiwa kifo kwa madai ya kuongoza ghasia. Maiti zilizikwa kwa siri, na habari ikafichwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Kati ya wakubwa waliotumwa kutoka Moscow kushughulikia jambo hilo alikuwemo Anastas Mikoyan. Ndiyo, yuleyule wa katlesi.

Mwaka uliofuata, 1963, mavuno yakawa mabaya na nchi kubwa yenye ardhi nyeusi ya rutuba ikaanza kununua ngano Kanada na Marekani. Somo walilopata viongozi halikuwa kwamba waache kufyatua risasi tu. Walijifunza pia kutogusa bei. Kwa zaidi ya miaka 20 bei ya nyama kwenye maduka ya serikali ilibaki karibu ileile, rubli 2 hivi kwa kilo, huku serikali ikijazia gharama iliyobaki. Matokeo yake mwanafunzi yeyote wa uchumi anayajua: bei ndogo, rafu tupu.

Basi turudi kantini, tuwe kwenye miaka ya 1970. Kengele imelia. Unachukua trei, unapita kwenye reli ya chuma. Chakula kina mpangilio wa namba. Cha kwanza ni supu, ya kabichi au ile nyekundu ya bitiruti. Cha pili ni katlesi na viazi vya kuponda, au makaroni, au nafaka ya kahawia inayoitwa grechka. Cha tatu ni kompoti, maji matamu ya matunda makavu yaliyochemshwa. Mkate mweusi pembeni. Kijiko na uma ni vya alumini, vyepesi, vinapinda. Yote kwa chini ya rubli moja. Kila pishi lilikuwa na kipimo cha serikali cha gramu, kuanzia nyama hadi chumvi, kitabu kimoja nchi nzima, kwa hiyo katlesi ya Tashkent na ya Murmansk zilitakiwa kuwa mapacha. Zilitakiwa, nimesema. Mpishi naye ana watoto nyumbani. Nyama kidogo inaingia kwenye mkoba wake, mkate mwingi unaingia kwenye katlesi yako. Ukutani kinaning'inia kitabu cha malalamiko na mapendekezo. Kuanzia 1976 Alhamisi ikawa siku ya samaki nchi nzima, kwa sababu nyama haikutosha. Viwanda vingine vilifuga nguruwe wao wenyewe na kuwalisha mabaki ya kantini. Wazee wetu wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Moscow, kwenye kile Chuo cha Urafiki wa Watu kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, walishika trei za namna hiihii.

Haki yake niseme: kwa mamilioni ya watu hiki kilikuwa chakula cha moto cha uhakika, kila siku ya kazi, kwa bei ambayo hata mfagiaji aliimudu. Bibi zao walikufa njaa, wao hawakufa. Anayekidharau hajawahi kupigwa na njaa.

Lakini kazini hapakuwa na sahani tu. Palikuwa pia na oda, kifurushi cha chakula kilichogawiwa wafanyakazi, hasa kabla ya sikukuu ya Novemba na Mwaka Mpya: soseji ngumu, samaki wa kopo, grechka, kahawa ya unga. Mara nyingi kitu unachokitaka kimefungwa pamoja na usichokitaka, chukua vyote au uache. Ubora wa kifurushi ulifuata ubora wa ofisi. Shule ya msingi ya pembeni ya mji, kidogo. Wizara, kizuri. Na juu kabisa wakubwa wa Chama walikuwa na kantini yao maalumu Moscow, mtaa wa Granovsky, iliyoitwa kwa heshima lishe ya tiba. Tiba! Watu wa mikoani nao walipanda treni kwenda Moscow kununua soseji na kurudi nazo kwa mabegi. Waliobaki walitegemea kujuana, muuza nyama akawa mtu wa kuheshimiwa kuliko profesa.

Na mwanamke wa kwenye bango? Mwaka 1970 wanawake walikuwa asilimia 51 ya wafanyakazi wote. Mlango wa kiwanda ulifunguliwa kweli. Jiko halikufungwa. Mwandishi Natalya Baranskaya alichapisha mwaka 1969 hadithi kuhusu wiki moja ya mama mwanasayansi, na humo wanawake wa taasisi hiyo wanapokezana kutumia mapumziko ya mchana kwenda foleni kununua vyakula vya wote. Saa ile iliyotengwa ili mwanamke apikiwe, yeye yuko foleni anatafuta cha kwenda kupika. Mimi hapo nilinyamaza kidogo.

Mwaka 1980 ulifika na ahadi ya mchana wa bure haikufika. Mei 1982 Brezhnev akazindua Mpango wa Chakula, mwenyewe akafariki Novemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kuponi za sukari, nyama na siagi zilikuwa zimerudi miji mingi. Desemba 1991 Umoja ukavunjika, na tarehe 2 Januari 1992 Urusi ikaachia bei huru. Rafu zikajaa, mifuko ikakauka, na viwanda vilipofunga milango kantini zikafungwa humohumo.

Mimi ninachokiona ni hiki. Kumpikia kila mtu lilikuwa wazo zuri, na sehemu yake ilifanikiwa. Tatizo ni pale mpishi anapokuwa mmoja tu na hataki kuulizwa. Akishika upawa peke yake anaamua nani apate nene na nani apate maji, na siku chakula kikipungua hakuna mwingine wa kulaumiwa. Hata jua likichoma ngano, ni kosa la serikali, kwa sababu yenyewe ilisema itafanya kila kitu. Wafanyakazi wa Novocherkassk hawakuupinga ujamaa, wengi waliandamana na picha za Lenin mkononi. Walikuwa wanamdai mpishi.

Sisi walimu watarajiwa tutaifundisha mada hii siku moja. Ukiandika ubaoni "sababu za kuanguka" ukaorodhesha a mpaka f, sawa, mtihani utajibika. Ila waulize pia vijana wako mkulima wa 1933 alikuwa na kadi gani, na yule mama aliyetumia mapumziko ya mchana foleni alikula saa ngapi. Hayo yatawakaa kichwani.

Najua nimeandika ndefu. Jumatatu kuna jaribio la saikolojia ya elimu na sijagusa kitu. Nikilipita salama, safari ijayo nitawaletea habari za zile nyumba ambazo familia saba zilishirikiana jiko moja, kila moja na sufuria yake na kufuli lake. Siku njema wadau.